Kitambaa cha Msiba wa Bwana Nyangumi

Bai Rang, 12 Januari 2016

Dada Mkubwa Suong,

Natumai baridi ya milimani haijakushinda, na kile kikohozi cha mwaka jana kimechoka kukaa kwako kikahamia kwa jirani. Sisi huku pwani tupo. Mke wangu Nhan anakusalimu. Goti lake la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Mimi nimenenepa. Nakuambia mapema ili usije ukasikia kwa watu wakaongeza chumvi.

Tangu Novemba nimekupigia simu mara nne, na kila mara binti yako Mien anapokea na kusema mama yuko bustanini. Bustani hiyo, Dada, lazima iwe kubwa kuliko mkoa. Basi nimeshika kalamu, maana barua huwezi kuiambia kwamba uko bustanini.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu mgongo wangu ukatae mashine za mashua, ninajitolea katika makumbusho yetu madogo, kwenye ile nyumba ya zamani ya kutengenezea barafu. Tuko watano, na kwa pamoja tuna magoti mazima matatu. Chumba cha kwanza ni cha viumbe vya bahari: makombe, kaa waliokaushwa, samaki kwenye chupa. Kusema kweli samaki wawili hatuwajui majina; karatasi zao zilibanduka tukazirudisha kwa kukisia. Chumba cha pili ni cha historia: nyavu, taa za karabai, mtumbwi wa kikapu, na ubavu wa Bwana Nyangumi wetu aliyetupwa na bahari mwaka sabini na tisa. Mkuu wetu ni Mwalimu Diep, aliyestaafu kufundisha biolojia lakini hajastaafu kufoka. Kazi yangu ni kukata tiketi, kufagia na kulaumiwa.

Mwezi wa sita wa mwandamo, siku ya sherehe ya Bwana, tunataka kufungua chumba chake mwenyewe. Mzee Cang, mkuu wa hekalu, amekubali kutuazima mfupa wa taya. Alirusha sarafu mbili kwenye sahani kumuuliza Bwana, moja ikalala kifudifudi, moja chali, ikawa ndiyo. Sasa tumepungukiwa na kitu kimoja tu: kitambaa cheupe cha msiba alichofunga Baba kichwani miaka mitatu. Watoto wa siku hizi hawaamini kwamba anayemwona Bwana kwanza ufukweni, amekufa, ndiye anayekuwa mtoto wake wa kwanza na kumlilia kama baba mzazi, kwa kuwa Bwana ndiye mlinzi wa mashua zetu. Wakikiona kitambaa wataamini.

Nakumbuka nilikiona sandukuni mwako mwaka wa mazishi ya Mama. Tuazime, Dada. Nitakilinda kuliko ninavyoulinda mgongo wangu.

Kitinda wako,
Luyen


Da Lat, 3 Februari 2016

Kitinda,

Kikohozi kimekwisha. Mien hajambo. Bustani ni kubwa, ndiyo.

Kitambaa hupati. Usiombe tena, usimtume mtu, na usimtume Nhan, maana yeye nampenda na sitaki kumjibu vibaya.

Mnataka kitu cha kutundika kando ya kaa waliokaushwa? Tundika soksi zako.

Mfikishie Nhan heri ya mwaka mpya wa mwandamo. Nhan peke yake.

Suong


Bai Rang, 20 Februari 2016

Dada Mkubwa,

Heri ya mwaka mpya imefika, na mwenyewe ameipokea huku akinitazama kwa pembe ya jicho. Kuhusu soksi, Nhan amecheka hadi akakaa chini. Anasema zitafaa, zitafukuza nondo. Tulipika mikate ya mchele wa kunata thelathini na miwili, na nimekula mingi kuliko inavyofaa kuandikwa.

Makumbusho nayo yana vichekesho vyake. Niliuning'iniza ubavu wa Bwana kwa waya mpya, vilevile ulivyokuwa, nikarudi nyuma kujisifu. Mwalimu Diep akaingia, akavua miwani, akaivaa tena.

"Luyen, mwalimu wako wa biolojia alikuwa nani?"

"Wewe, Mwalimu."

"Basi nisamehe. Umeutundika juu chini."

Kumbe miezi minane wageni wamekuwa wakiangalia ubavu uliopinduka, na hakuna aliyelalamika. Nimewaza kwamba labda mambo mengi duniani yako hivyo.

Lakini sasa niache mzaha. Baba hakuwa wako peke yako. Miaka tisa hujaja kwenye karamu ya siku yake ya kufa. Kila mwaka Nhan anaweka bakuli lako, na kila mwaka nakula mimi kilichomo, ndiyo maana niko hivi. Ulichukua kitambaa bila kumuuliza mtu, sasa unakikalia huko juu kama kuku asiye na mayai. Sikutaka kusema hivi. Nimeandika, na sifuti, kwa kuwa wino ni ghali.

Kibao cha kwenye ubavu nilikiandika kwa mkono wangu mwaka jana, na watu wanasema mwandiko ni mzuri: "Bwana alionekana kwanza alfajiri na mvuvi Huynh Van Tho, aliyekuwa peke yake ufukweni." Chini yake nimeacha nafasi ya kitambaa. Nafasi hiyo inaniangalia kila ninapofagia. Nikueleze nini zaidi?

Luyen


Da Lat, 30 Machi 2016

Kitinda,

Ndani ya bahasha hii kuna tiketi. Namba 0412, tarehe 17 Oktoba mwaka jana. Iangalie vizuri, mwandiko ni wako, ule wanaousifu.

Nilikuja. Nilipanda basi la saa kumi alfajiri nikashuka Bai Rang saa tano, na kofia pana na barakoa ya jua kama mwanamke yeyote wa nchi hii. Sikuja kwako. Nilikuja kuona mnachokionyesha watu.

Ulikuwa mezani umelala, mdomo wazi. Ulifumbua jicho moja. "Karibu, Bibi. Elfu tano. Viatu nje, mifupa haiguswi." Ukapokea noti, ukakata tiketi, ukalirudisha jicho mahali pake. Miaka minne nilikubeba mgongoni, na hukunitazama hata muda wa kuhesabu noti.

Mwalimu wenu ndiye aliyenizungusha. Mwanamke mwenye adabu, hana kosa. Alinieleza habari za makombe. Tulipofika kwenye ubavu akasema Mzee Tho alimkuta Bwana akiwa peke yake.

Nikamuuliza, "Peke yake?"

"Peke yake, Dada. Ndivyo anavyosema mwanawe. Ni yule pale anayekoroma."

Nikaweka kiganja juu ya mfupa. Sikuwa nimepanga, mkono ulikwenda wenyewe. Nawe kutoka mezani, bila kugeuza shingo, ukasema: "Tafadhali, Bibi. Huyo ana wenyewe."

Nilitoka, nikala bakuli la tambi kituoni, nikapanda basi la kurudi. Sasa unajua kwa nini simu yako inanikuta bustanini.

Na jambo moja zaidi, maana unajifanya msahaulifu. Kitambaa cha Baba kilichomwa mbele ya hekalu siku alipovua msiba, mwaka themanini na mbili. Kijiji kizima kilikuwepo. Kiberiti ulishika wewe. Basi kaa chini, jiulize kilichomo sandukuni mwangu ni cha nani, kisha uniandikie. Kama hujui, usipoteze wino wako wa ghali.

Suong


Bai Rang, 6 Aprili 2016

Dada Mkubwa,

Barua yako imefika nikiwa nakula, na chakula kikabaki. Nhan amedhani naumwa.

Kwanza kuhusu usingizi. Ni kweli, nalala mezani. Wageni ni wachache, feni ni nzuri, na mwili huu ni wangu, nitaupeleka wapi? Kuhusu kutokukutambua, mhurumie mdogo wako: wanawake wote wakishavaa kofia na barakoa wanafanana. Ningemkatia tiketi hata Mama. Lakini lile neno nililolisema, kwamba huyo ana wenyewe, huwa nawaambia wote wanaogusa. Ni desturi ya kazi. Sikulisema kwa ajili yako.

Nhan ameisoma barua, akaifunga, akaniambia, "Mtu anasafiri saa saba kuja kukuona, wewe unamwonyesha meno ya juu." Tangu hapo anapika bila kunisemesha.

Kuhusu swali lako la kitambaa, Dada, miaka mingi imepita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kumbukumbu yangu ni kama nyavu za Mzee Cang, samaki wakubwa ndio wanaopita. Labda Baba alikuwa na viwili.

Tusivutane kwa mambo ya zamani. Njoo kwenye ufunguzi. Nitakaa macho.

Luyen


Bai Rang, 3 Mei 2016

Dada,

Barua yangu umeirudisha ndani ya bahasha mpya, mstari mwekundu chini ya maneno "labda Baba alikuwa na viwili", na pembeni umeandika: "Jaribu tena."

Mwalimu Diep alikuwa akinirudishia madaftari hivyohivyo. Nilikuwa naogopa wakati ule, na naogopa sasa.

Nimejaribu. Karatasi tano zimeishia jikoni kuwashia moto. Kila nikifika asubuhi ile, kalamu inaanza kunieleza habari za hali ya hewa. Ukweli, sijui nianzie wapi. Hapana. Najua pa kuanzia. Sijui nitakuwa nani nikimaliza.

Ufunguzi bado uko palepale, Julai 19. Taya imeletwa juzi, watu wanane na mkokoteni, Mzee Cang mbele akifukiza ubani na kutukana kila tulipotikisa. Ni ndefu kunizidi. Imekaa katikati ya chumba, nami nafagia kuizunguka kama mtu mwenye mkwe ndani ya nyumba.

Luyen


Da Lat, 2 Juni 2016

Kitinda,

Mien ameposwa. Ndiyo habari ya nyumbani. Kijana ni fundi wa mabomba ya bustani, mpole, ana masikio makubwa. Nimewaambia waoane upesi, wasingoje mwaka wala mwezi. Mien ameniuliza kwa nini nina haraka. Nikaenda bustanini.

Kwa kuwa unaogopa, nitaanza mimi, halafu utamalizia wewe.

Tulikwenda kuchimba kome, mimi na wewe. Ulikuwa unalalamika kwamba ndoo ni nzito nayo tupu. Nilikuwa mbele, nikapita jiwe lenye pengo, nikamwona. Nilidhani ni mashua imepinduka. Nilipomfikia nikapiga magoti kama tulivyofundishwa, nikavua mtandio wangu nikamfunika jicho, maana nzi walikuwa wameanza. Hilo jicho, Kitinda, lilikuwa dogo, dogo sana kwa mwili ule. Halipo kwenye kibao chako. Kisha nikakutuma ukamwite Baba, ukakimbia, ukaiacha ndoo.

Watu walikuja. Mzee Cang, hakuwa mzee bado, aliuliza nani aliyemwona kwanza. Hapo nakuachia. Wewe ndiye uliyejibu.

Mimi nitasema yaliyofuata ndani ya nyumba, ambayo ulijifanya huyasikii ingawa ukuta ulikuwa wa mianzi. Usiku uleule Baba alikata kitambaa cha pili kutoka kipande kilekile. Akaniambia, "Kijiji kitadanganyika. Bwana hadanganyiki. Uliyemwona ni wewe, na usipolia wewe mashua zitazama. Utakivaa humu ndani." Nikamwambia, "Baba, harusi ni mwezi wa kumi na mbili." Akasema, "Nani anaoa mtu aliyefiwa?"

Yeye aliketi mbele hekaluni, akamiminiwa pombe ya mchele, akaitwa mtoto wa kwanza. Mimi nilifunga kitambaa jikoni miaka mitatu na kukivua kila mtu alipobisha hodi. Mama wa mchumba wangu Hoat alikuja akachukua sinia lake la tambuu ya posa. Aliuliza sababu. Tungemwambia nini? Hoat alingoja miezi kumi na minne. Simlaumu. Alikuwa na mama, na mimi sikuwa na jibu.

Siku Baba alipovua msiba nilimwomba nichome changu pia. Akasema, "Hicho hakuna anayekijua. Ukikichoma hadharani watauliza cha nani." Basi hakikuchomwa. Unajua maana yake, wewe unayewaeleza wageni desturi kwa elfu tano: msiba usiovuliwa haujaisha. Niliolewa nikiwa na miaka thelathini na moja, kwa mgane, nikiwa na msiba. Nilizaa nikiwa na msiba. Nimemzika mume wangu, msiba juu ya msiba. Wewe unataka kukiweka kwenye kioo na kuandika chini yake jina la Baba.

Malizia. Andika kama ulivyosema siku ile, maneno yaleyale, usipambe.

Suong


Bai Rang, 24 Julai 2016

Dada Mkubwa,

Mpongeze Mien. Masikio makubwa ni mazuri kwa mume, yanampa mke pa kusemea.

Nimechelewa wiki saba. Sikuwa nimelala, mara hii. Soma hadi mwisho kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Nilikimbia nikamkuta Baba anafunga nyavu. Nikamwambia, "Baba, Dada amemwona Bwana." Alisimama. Tulipokuwa njiani alinishika sikio, si kwa nguvu, akasema mwanamke hawezi kuwa mtoto wa kwanza wa Bwana, watu watacheka, na heshima itakwenda kwa ukoo wa Cang uliopanga mstari kungoja. Akasema, nikiulizwa niseme ni yeye. Kisha akaniambia kwamba mwaka huo angenipandisha mashuani.

Mzee Cang alipouliza, watu wote walimtazama Baba, na Baba akanitazama mimi. Wewe ulikuwa bado umepiga magoti, nywele wazi, mtandio wako juu ya jicho. Nilisema: "Baba ndiye aliyemwona. Alikuwa peke yake." Hilo la pili Baba hakunifundisha, Dada. "Peke yake" ni langu. Niliona nikikutoa kabisa pale, hakuna atakayeuliza zaidi. Ukanyanyua kichwa ukaniangalia, nami nikaangalia ndoo.

Nilipanda mashuani mwezi uliofuata. Na ukuta wa mianzi, ndiyo, nilisikia.

Nimeishi na neno hilo miaka thelathini na saba, nikalifanyia mzaha kila lilipokaribia, na mwaka jana nikaliandika kwenye kibao kwa mwandiko mzuri. Swali lako la kitambaa nilikuwa na jibu lake siku ileile lilipofika. Nilikiomba kitambaa kwa sababu nilitaka kiwe cha Baba. Kikishakaa kwenye kioo, na maandishi chini, kingekuwa cha Baba kweli. Huo ndio ujinga wa sisi watu wa makumbusho, tunadhani kitu kinageuka kile tulichokiandikia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Wiki moja kabla ya sherehe niliwaita wenzangu wanne, nikawaambia yote, nimesimama. Nilipomaliza, Mwalimu Diep alisema, "Yule mwanamke wa Oktoba." Nikasema ndiye. Akasema, "Nilimwonyesha makombe kwa nusu saa," akafunika uso. Kisha akasema, "Luyen, tangu darasa la sita nakuambia usinakili jibu la mwenzako. Andika kibao upya."

Tukaenda kwa Mzee Cang, kwa kuwa taya ni ya hekalu. Alisikiliza huku akisafisha sikio kwa kijiti.

"Mwanamke," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi nimemmiminia Tho pombe miaka yote ile."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe mwongo mnene. Ulikuwa mwongo mwembamba, ukanenepea humohumo." Akatema nje ya mlango. "Kibao hakiguswi. Mtu akijua mtoto wa kwanza hakuwa mtoto wa kwanza, basi sherehe thelathini na saba zilikuwa za nini? Tuliomba kwa mlango gani?"

Nikamwambia tumuulize Bwana mwenyewe. Hapo hakuweza kukataa, kazi yake ndiyo hiyo. Akarusha sarafu kwenye sahani. Zote mbili chali. Bwana amecheka. Akarusha tena, zote chali. Akarusha mara ya tatu, akazitikisa muda mrefu kama mtu anayetafuta sababu, zote chali.

"Kucheka si kukubali," akasema Mzee Cang.

"Wala si kukataa," nikasema.

"Ukibadilisha, taya inarudi hekaluni, na ubavu pia."

Taya ile tuliingoja miaka sita. Mwalimu Diep ameifuta vumbi kwa mswaki wake mwenyewe. Nilimtazama, akaniambia, "Usinitazame mimi, mtihani ni wako, mimi nina cheti changu."

Nikabadilisha. Walikuja watu wanane na mkokoteni, Mzee Cang mbele, safari hii bila ubani. Siku ya sherehe hatukualikwa. Nhan aliulizwa sokoni kama mumewe amerukwa na akili, akajibu, "Alikuwa amerukwa, sasa anarudi." Watoto wa ukoo wa Cang wameandika kwa mkaa ukutani kwetu neno ambalo sitalirudia, ingawa wamelikosea.

Tulifungua chumba hivyohivyo. Katikati kuna jukwaa tupu, urefu wa taya. Wageni kumi na mmoja walikuja, na kila mmoja aliuliza taya iko wapi. Nawaambia. Sijalala mezani tangu siku hiyo, maana kila mtu anauliza, na kila mara lazima niseme kwa sauti, "Nilidanganya mimi." Kibao kinasomeka hivi:

"Bwana alionekana kwanza na Huynh Thi Suong, miaka kumi na tisa, aliyekuwa akichimba kome. Alimfunika jicho kwa mtandio wake. Alimlilia miaka mitatu na hajavuliwa msiba. Mdogo wake, aliyekuwepo, alisema uongo."

Mwalimu amesahihisha koma moja.

Kitambaa sikiombi tena. Sitaki kukiona kwenye kioo. Nasema tu kwamba niko hapa.

Luyen


Da Lat, 3 Agosti 2016

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza na kalamu nyekundu mkononi.

Sijakusamehe. Nakuandikia hivyo mapema ili usije ukasikia kwa watu wakaongeza chumvi. Miaka miwili tu ya mtu huwezi kumrudishia kwa koma, itakuwa thelathini na saba? Na Cang mwambie, ukikutana naye, kwamba sherehe zake zilikuwa sawa. Bwana alikuwa anajua anayemlilia. Wao tu ndio walikuwa hawajui.

Jumapili ya tarehe 21 nitapanda lile basi la saa kumi. Mien na yule mwenye masikio watakuja nami. Nitapita kwanza kuona kibao, kisha nitakwenda kwenye jiwe lenye pengo na kitambaa changu. Sitaomba ruhusa ya hekalu. Nilimkuta pale, nitamuaga pale. Nhan aje. Mwalimu aje kama magoti yanamruhusu. Sitaki ngoma, sitaki picha, sitaki kula kwako kabla shughuli haijaisha.

Kiberiti shika wewe. Safari hii choma cha kweli.

Nitalipa elfu tano kama kila mtu, na barakoa sitaivua. Ukinikatia tiketi bila kunitazama, narudi na basi lilelile.

Dada yako,
Suong